Cha Kumi na Mbili

Merle, kimefika cha kumi na mbili.
Bi Lindquist wa maktaba alinifichia chini ya kaunta
ingawa foleni yake ni ndefu.
Jaladani kuna mbwa mwitu.
Ndani hamna mbwa mwitu hata mmoja.

Muuaji nilimjua ukurasa wa thelathini na nane:
yule daktari wa mifugo mwenye glavu safi mno.
Nani ana glavu safi Novemba, msimu wa kulungu,
kaunti nzima ikinuka damu na kahawa?
Kurasa zote zilizobaki nilikuwa namngoja
Askari Dell Rask anifikie nilipo,
kama mama anayemngoja mtoto afunge kamba za viatu,
mikono nyuma, ulimi nimeuuma.

Na Biskuti! Unamkumbuka Biskuti,
tulimzika katika cha tisa,
ukasingizia moshi wa jiko umekuingia machoni.
Humu yumo, ukurasa wa sitini,
anatikisa mkia, hana hata kovu.
Mwandishi kasahau.

Wewe kazi hiyo uliifanya miaka ishirini na sita
na helikopta hukuipanda.
Ulihesabu samaki kwenye ndoo za watu,
ukadai leseni kwa wajomba zako mwenyewe,
ukarudi na soksi zilizoganda, zikasimama peke yake sakafuni.
Risasi ninayoijua ni moja, ya kumpumzisha kulungu
aliyegongwa na lori la magogo.
Usiku ule ulikula viazi bila kuongeza chumvi.

Halafu Vernon Aho.
Pikipiki yake ya theluji ilikutwa ikinguruma
ukingoni mwa Ziwa la Kijiko, taa zinawaka,
kiti bado kina joto,
nyayo hamna.
Miaka kumi na tisa faili lile lilikaa juu ya friji
baina ya mkate na redio.
Hukulifunga. Wala hukulifungua mbele ya wageni.
Kila barafu ilipoyeyuka ulilizunguka ziwa na darubini,
ukarudi, ukanawa mikono,
ukauliza kuna nini cha kula.

Dell Rask ya kwake kayamaliza alasiri moja.
Daktari anasimama na bastola anaeleza yote,
tangu mkopo wa benki hadi sumu ya panya,
kana kwamba analipwa mshahara wa kueleza.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikasema kwa sauti,
nikacheka peke yangu,
kisha nikaacha kucheka,
maana ukingo ninaoujua mimi
haujamaliza kitu.

Penseli yako ingali katika mfuko wa koti.
Kitabu cha maktaba hakiandikwi, na wewe uliviandika
kumi na kimoja, kuanzia jalada hadi jalada:
*Si kweli.*
*Bunduki hii haibebi risasi sita.*
*Theluji ya Machi hailii hivyo.*
*Angemwuliza mkewe.*
Bi Lindquist alijua. Watu wa mji huu
walikuwa wakiviazima kwa ajili yako.

Nimeichukua penseli.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
Dell anarudi usiku, anaziegemeza buti kando ya jiko,
anakaa gizani kitambo kabla ya kuwasha taa.
Basi. Hakuna kinachotokea.
Sura inayofuata wanarukia tena helikopta.
Hapo nimeweka alama ya vema, ya pekee,
nikaikoleza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Cha kumi na tatu nimeshajiandikisha.
Usinicheke. Kibaya hiki kimenikalisha macho
siku mbili ambazo ningezilala.

Kisha nikarudi ukurasa wa sitini,
na pembeni, kwa mwandiko uliotaka kufanana na wako,
nikaandika: *Huyu tulishamzika.*

Nikautazama.
Nikageuza penseli, nikafuta.

Mwache atikise mkia.